Kabla ya Kura Kupigwa

Maneno haya niliyasema mbele ya wazazi na wanafunzi wanaozungumza Kiswahili, kusini mwa California, Jumamosi moja baada ya Alasiri. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka kinywani, ila nimepunguza marudio.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, ndugu zangu wa Kongo na Burundi, majirani zangu wa Mombasa na Nairobi, na nyinyi vijana mliokaa nyuma karibu na mlango: asanteni kwa kunipa nafasi.

Mwenzangu aliyetangulia amewaeleza vizuri habari za fomu, ada na msaada wa serikali, kwa hiyo huko sirudi. Mimi nimekuja kuwaeleza habari za chumba kimoja. Kiko ghorofa ya pili ya jengo la utawala, kwenye chuo cha jamii ninachofundisha hesabu, yaani chuo cha umma cha miaka miwili baada ya sekondari, ambacho mtu anaweza kutoka akahamia chuo kikuu. Meza zake zimepangwa nusu duara, kila mjumbe ana kibao cha jina, na upande wa dirisha vimewekwa viti 12 vya wageni. Jumanne mbili kila mwezi, saa tisa alasiri, walimu wanaowakilisha idara zao hukutana humo. Hiyo ndiyo Seneti ya Walimu. Nimekuwa mjumbe wake kwa vipindi vitatu, na vile viti 12 mara nyingi nimevikuta vitupu mwanzo wa kikao na nikaviacha vitupu mwisho wa kikao.

Humo ndimo yanamoamuliwa mengi yanayowakuta watoto wenu. Na nyinyi wenyewe pia, maana nawaona hapa akina mama ninaopishana nao madarasa ya jioni.

Mwaka juzi mama mmoja wa Uvira alinifuata tukiwa msibani, karatasi ya mwanawe mkononi. Kijana alikuwa ameandikiwa kwamba hawezi kuingia darasa analolitaka mpaka asome kwanza kozi nyingine. Mama akaniuliza, "Mwalimu, hii ni sheria ya wizara?" Nikamwambia hapana, mama. "Basi ni ya mkuu wa chuo?" Nikamwambia hapana. "Sasa ni ya nani?" Nilikaa kimya kidogo, kwa sababu jibu la kweli lilikuwa: ni yetu. Tuliipitisha sisi walimu, katika chumba kile, na siku ile mimi nilikuwepo.

Sikumshangaa kwa kuuliza hivyo. Sisi tumekulia mahali ambapo mtaala unashuka kutoka juu. Tanzania mtaala unaandikwa na Taasisi ya Elimu na mtihani unatungwa na Baraza la Mitihani. Kenya nao wana taasisi yao ya mitaala na baraza lao. Mwalimu wa darasani anapokea, anafundisha, na mwisho wa yote anasubiri matokeo pamoja na wanafunzi wake. Chuo cha jamii cha hapa hakina baraza la mitihani. Hati rasmi ya kila kozi, yaani jina lake, yuniti zake (kipimo cha uzito wa kozi), mada zake, vitabu vyake na kozi gani itangulie, huandikwa na mwalimu wa somo. Inapita kwenye Kamati ya Mitaala, inajadiliwa, inapigiwa kura, kisha inafika kwa Bodi ya Wadhamini iliyochaguliwa na wapiga kura wa wilaya ya chuo. Na gredi anayoitoa mwalimu, kwa sheria ya elimu ya California, ni ya mwisho, isipokuwa pakionekana kosa, udanganyifu, nia mbaya au mwalimu kutoijua kazi yake. Mkuu wa chuo hawezi kuibadilisha kwa sababu tu amepigiwa simu na mzazi mwenye jina kubwa.

Mamlaka haya walimu hawakuzaliwa nayo. Vyuo vya jamii vya California viliota ubavuni mwa shule za sekondari. Sheria ya mwaka 1907 iliruhusu shule za sekondari kuongeza masomo kwa waliokwisha kuhitimu, na mwaka 1910 Fresno wakafungua chuo cha kwanza cha aina hiyo katika jimbo. Vikaendelea kubeba desturi za sekondari kwa miongo mingi: mkuu ndiye msemaji, mwalimu ni wa kuitikia. Mwaka 1960 mpango mkuu wa elimu ya juu wa jimbo ukavipa vyuo hivi kazi ya kumfungulia mlango kila anayeweza kunufaika na masomo. Mwaka 1963 wabunge wakapitisha azimio la kutaka kila chuo kiwe na seneti ya walimu. Lakini seneti za wakati ule zilikuwa za kutoa ushauri tu, na ushauri unaweza kuupokea kwa tabasamu ukauweka kabatini.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1988, kwa sheria inayojulikana hadi leo kwa namba yake, AB 1725. Aliyeibeba bungeni ni John Vasconcellos, na Gavana George Deukmejian akaitia saini. Baada yake zikaandikwa kanuni zinazotaja mambo ambayo Bodi ya Wadhamini haiwezi kuyaamua bila kushauriana kwa heshima na seneti ya walimu. Ni mambo kumi na moja. Kumi yametajwa, na la kumi na moja ni lolote lingine la kitaaluma ambalo pande mbili zimekubaliana. Mtaala na kozi zinazotangulia. Masharti ya kupata shahada ndogo na vyeti. Utaratibu wa gredi. Kuanzisha programu mpya. Viwango vya maandalizi na mafanikio ya wanafunzi. Namna ya kukagua programu, na namna ya kupanga bajeti. Sitayasoma yote, mtapata njaa. Mishahara haimo humo. Mishahara ni kazi ya chama cha wafanyakazi, kwa sheria nyingine ya mwaka 1975, na ni vyema msivichanganye vyombo hivi viwili.

Naomba mnisikilize vizuri hapa, kwa maana nguvu yenyewe imekaa hapa. Kwa kila jambo katika yale kumi na moja, Bodi inatangaza mapema itafuata njia ipi kati ya mbili. Njia ya kwanza ni kutegemea zaidi ushauri wa walimu. Ya pili ni kwamba pande zote mbili zifikie makubaliano. Bodi ikishasema kwamba juu ya mtaala itategemea ushauri wa walimu, basi kwa kawaida ushauri huo unakubaliwa. Ikitaka kuukataa, iwe ni hali isiyo ya kawaida na kwa sababu nzito, na seneti ikiomba, Bodi lazima izieleze sababu hizo kwa maandishi. Fikirieni. Watu wenye mamlaka ya kuajiri na kufukuza wanalazimika kumwandikia mwalimu wa biolojia kumweleza kwa nini hawakumsikiliza.

Mimi naiamini sheria hii kwa moyo wote. Nimeona mtawala mpya akija na wazo la kufupisha kozi ya wiki 16 iwe ya wiki 5, kila somo, ili chuo kihesabu wanafunzi wengi zaidi. Wiki 5 zinaweza kutosha kwa baadhi ya masomo. Kwa mwanafunzi wa uuguzi anayejifunza kukokotoa dozi ya dawa, mimi nataka mwalimu aliyewahi kushika bomba la sindano aseme kama zinatosha. Hili si suala la heshima ya walimu. Mgonjwa atalala kitandani akimtegemea yule mwanafunzi.

Lakini sikuja kutusifu. Nimekuja kusema tulichokosea, kwa kuwa waliobeba mzigo wa kosa lile wengine ni watoto wenu.

Zamani, mwanafunzi akifika chuoni siku ya kwanza, alikalishwa mbele ya kompyuta akapewa mtihani wa kumpangia darasa. Hesabu na Kiingereza. Hakuambiwa ajiandae, wengi walidhani ni sehemu ya kujiandikisha tu. Matokeo yalimweka mahali. Akishinda, aliingia moja kwa moja kwenye kozi inayohesabiwa na chuo kikuu. Asiposhinda, alishushwa ngazi moja, mbili, tatu, hata nne, kwenye madarasa ya kuziba mapengo ambayo alisoma muhula mzima bila kupata yuniti hata moja ya kwenda nayo chuo kikuu.

Palikuwa na kijana kutoka Bukavu. Sitamtaja, yeye mwenyewe angekuwepo angecheka kwamba bado nakumbuka. Alikuwa na diploma ya Serikali ya Kongo, yaani cheti cha kumaliza sekondari, kitengo cha hesabu na fizikia. Darasa langu lilikuwa aljebra ya awali, ngazi tatu chini ya kozi ya chuo kikuu. Wiki ya pili nilipita kati ya madawati nikaona daftari lake. Ukurasa wa kushoto ulikuwa na zoezi nililotoa, kujumlisha sehemu, ameshamaliza. Ukurasa wa kulia alikuwa anafanya uintegrishaji, hesabu za juu zaidi kwa mbali, kwa raha yake, kwa kalamu ya wino, mistari imenyooka kama iliyopigwa rula, na alama za desimali ameziandika kwa mkato kama wafanyavyo kwao. Nikamuuliza, mwanangu, umefikaje hapa? Akaniambia kuna swali katika mtihani ule hajalisahau. Mtu ana kwota tatu, daimu mbili na nikeli nne, ana kiasi gani cha pesa? Alikuwa na miezi miwili Marekani. Kwota kwake ilikuwa robo. Akaandika robo tatu, halafu daimu akashindwa kujua ni kitu gani, akabonyeza jibu lolote ili asichelewe.

Kwota ni sarafu ya senti 25, daimu ya senti 10, nikeli ya senti 5, kwa hiyo jibu ni dola moja na senti 15. Kila mmoja wenu hapa analijua sasa, kwa kuwa mmefanya kazi kwenye maduka ya hapa. Hesabu iliyomo humo mtoto wa darasa la tatu Tanga anaiweza.

Nilijaribu kumpandisha. Utaratibu ulikuwepo wa kupinga alama za mtihani, lakini ulihitaji nakala za vyeti zilizotafsiriwa na kuthibitishwa, na vyeti vyake vilikuwa kwa mjomba Bukavu. Akasoma aljebra ya awali, akasoma ya kwanza, na ya pili. Mihula mitatu. Mwaka mmoja na nusu wa maisha ya kijana anayeamka saa tisa usiku kwenda kupanga mizigo ghalani.

Yeye alifika. Sasa niwaonyeshe ambao hawakufika, na kwa hili sihitaji utafiti wowote, natumia hesabu ya kawaida. Chukueni wanafunzi 100 walioshushwa ngazi tatu. Ili wamalize kozi ya chuo kikuu wanahitaji kufaulu madarasa manne mfululizo. Tuseme kila darasa linafaulisha 70 kati ya 100, na mwalimu mwenye darasa la namna hiyo hulala vizuri usiku, anaona kazi yake imekwenda. Darasa la kwanza wanabaki 70. La pili, 49. La tatu, 34. La nne, 24. Kila mwalimu amefanya kazi yake, na wanafunzi 76 wamepotea njiani. Na hapo nimefanya kana kwamba hakuna hata mmoja aliyeacha kujiandikisha kati ya muhula na muhula kwa sababu ya mtoto kuumwa au gari kuharibika.

Hesabu hii nilikuwa naijua. Nafundisha kuzidisha sehemu, ningekosaje kuijua? Miaka michache kabla ya sheria nitakayowatajia sasa hivi, walimu wawili wa Kiingereza walileta hoja seneti: tuache kutegemea mtihani ule, tuangalie alama za sekondari, na wasio na vyeti tuwasikilize wenyewe. Tukajadili kwa dakika 40. Tukasema viwango vitashuka. Mmoja akasema, na alisema kwa nia njema, kwamba ni ukatili kumwingiza mtu darasa atakaloshindwa. Kisha ikatolewa hoja ya kulirudisha jambo kamatini likachunguzwe zaidi, na mimi nikanyoosha mkono kuiunga. Liliporudi mwaka uliofuata tukalirudisha tena. Hakuna aliyepiga kura ya kuwazuia wanafunzi. Tulipiga kura ya kungoja, na kungoja kwetu ndiko kulikowazuia.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini niliinua mkono, na nadhani najua. Nilikuwa nawaona waliofika. Walionizunguka kila siku ni wale 24. Wale 76 hawakuwa na sababu ya kuja chuoni, hawakuwa na mtu wa kuja kuwasemea, na viti vya wageni vilikuwa vitupu. Asiyekuwepo na lake halipo. Tulilitumia neno hilo kwao bila kulitamka.

Basi wabunge wakachoka kutungoja. Oktoba 2017 Gavana Jerry Brown alitia saini AB 705, iliyoletwa na mbunge Jacqui Irwin. Katika utangulizi wake sheria hiyo inataja takwimu ambazo kila mwalimu anapaswa kuzibeba: katika wanafunzi walioshushwa madarasa ya chini, asilimia 40 ndio waliopata shahada, cheti au kuhamia chuo kikuu ndani ya miaka 6, walioruhusiwa kuanzia juu, asilimia 70. Sheria ikavitaka vyuo vimpange mwanafunzi mahali ambapo ana nafasi kubwa kabisa ya kumaliza kozi ya chuo kikuu ya Kiingereza na hesabu ndani ya mwaka mmoja. Alama za sekondari ndizo ziangaliwe. Asiye na cheti mkononi anaweza kueleza mwenyewe alichosoma. Kwa wanaojifunza Kiingereza kama lugha ya pili ikawekwa miaka mitatu, kwa kutambua kwamba kujifunza lugha si kuziba pengo la ujinga. Ufikapo muhula wa Agosti 2019, ngazi zile zilikuwa zimepunguzwa sana. Mwaka 2022 ikaja sheria ya kuikazia, AB 1705.

Mtaniuliza: Mwalimu, wewe unaonaje? Naona hivi. Idadi ya wanaomaliza hesabu ya chuo kikuu katika mwaka wao wa kwanza imepanda sana California, na mtu anayelikana hilo anakana anachokiona. Kijana kama yule wa Bukavu leo hapotezi mwaka na nusu. Wabunge walikuwa sahihi na mimi nilikosea.

Lakini bado naumia. Kazi ile ilikuwa yetu. Tulipewa mwaka 1988 ili sisi tunaomjua mwanafunzi kwa jina tukate kwa mkono mwepesi, na tulipokataa kukata, panga likaja kutoka Sacramento, kwenye bunge la jimbo, na panga halichagui. Ninao akina mama waliokaa miaka 20 bila kugusa kitabu cha hesabu, ambao wenyewe wananiomba darasa la kuwarudisha taratibu, na mlango wa darasa hilo sasa umekuwa mwembamba mno. Idadi ya wanaoanguka katika kozi zile za juu nayo imepanda, kwa sababu wanaoingia ni wengi. Anayeanguka mara ya kwanza anahitaji mtu wa kumwambia rudi, nafasi ipo. Hayo sheria haiwezi kuyafanya. Yanafanywa na walimu, katika hati za kozi, na hati za kozi zinapigiwa kura katika chumba kile.

Jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha. Sheria ya 1988 ilitamka lengo kwamba asilimia 75 ya saa za masomo zifundishwe na walimu wa ajira kamili. Ni lengo hadi leo. Ukihesabu vichwa, walimu wengi wa vyuo hivi ni wa muda. Sheria inamzuia mwalimu wa muda kupita asilimia 67 ya mzigo wa kazi katika wilaya moja ya chuo, kwa hiyo anafundisha asubuhi chuo hiki, mchana chuo kile, jioni cha tatu, na chakula chake anakila kwenye gari. Huyo ndiye anayefundisha madarasa yenu ya jioni. Jumanne saa tisa alasiri yuko barabarani. Seneti yetu inampa kiti, lakini kiti hakimsaidii aliye kwenye foleni ya magari. Nimepigania kikao kimoja kwa mwezi kiwe cha jioni au kwa njia ya mtandao, na nitaendelea kupigania mpaka nistaafu.

Na wanafunzi? Kanuni zinasema wazi kwamba wapewe nafasi ya kushiriki katika maamuzi yanayowagusa kwa uzito, na gredi na mitaala ni miongoni mwake. Chuo chetu kina mwakilishi mmoja wa wanafunzi mezani. Mwaka huu ni binti makini, anasoma ajenda yote, anauliza maswali magumu. Lakini ni mmoja kati ya watu 31, ana miaka 19, na anayempinga ndiye atakayempa gredi mwisho wa muhula. Msimwache peke yake.

Sasa naomba mtoe kalamu.

Seneti inafuata sheria ya vikao vya wazi ya California, ya mwaka 1953, inayoitwa kwa jina la mbunge Ralph M. Brown. Kikao cha kawaida lazima ajenda yake ibandikwe saa 72 kabla, mahali mtu yeyote anaweza kuisoma. Jambo lisiloandikwa kwenye ajenda haliwezi kuamuliwa siku hiyo, ila kwa nadra. Huulizwi uraia. Huwezi kulazimishwa kuandika jina lako kwenye daftari kama sharti la kuingia. Daftari likiwepo, kuandika ni hiari. Una haki ya kusema juu ya jambo lililo kwenye ajenda kabla halijapigiwa kura au wakati linajadiliwa. Wakikuwekea muda, dakika mbili au tatu, ni halali. Na hili la mwisho nimelibeba kutoka nyumbani kama zawadi: ukitumia mkalimani, sheria inataka upewe angalau mara mbili ya muda huo, isipokuwa kama kuna mitambo ya kutafsiri papo kwa papo. Kiswahili chako hakikupunguzii nafasi. Kinakuongezea.

Nimeliona likifanya kazi mara moja tu. Mama yule wa Uvira, niliyewaambia habari zake, alikuja. Alikuja na binti yake wa kumtafsiria, amevaa kitenge cha kijani, mkoba mapajani, akakaa kiti cha tatu kutoka dirishani. Mwenyekiti akasema wageni wana dakika tatu. Nikanyoosha mkono nikakumbusha sheria, mwenyekiti akakubali mara moja, ikawa sita. Mama hakupiga kelele. Alisema, "Walimu wangu, mwanangu amesoma kozi hii chuo kingine, akafaulu. Nyinyi mnasema asome tena kwa kuwa jina la kozi limeandikwa tofauti. Mimi nafanya kazi ya kulea wazee usiku. Kila muhula anaokaa hapa, ni muhula mwingine mimi silali. Naomba mniambie atajifunza nini ambacho hakukijua." Kisha akangoja. Ukumbi wote ukangoja. Mkuu wa idara iliyohusika akafungua hati ya kozi kwenye kompyuta yake, akaiweka pembeni mwa ile ya chuo kingine, akasoma mada moja baada ya nyingine, na baada ya dakika kama nne akasema, "Hakuna." Sharti lile lilirekebishwa kwenye kikao kilichofuata, kwa wanafunzi wote, si kwa mwanawe tu.

Miaka tuliyokaa tukisema sera ile inalinda viwango, hakuna aliyewahi kutuuliza swali hilo kwa ufupi namna ile.

Jumanne, siku kumi kutoka leo, kuna jambo. Darasa la msaada linaloambatana na kozi ya takwimu, lile ambalo wengi wenu mnalisoma, lina yuniti 1. Imeletwa hoja liwe na yuniti 2. Wenye hoja ni wenzangu, watu wazuri, na wana sababu: wanafunzi wanaoanguka wanahitaji muda zaidi na mwalimu. Mnaolipa ada mtaongezewa dola 46. Wengi wenu mmesamehewa ada, kwa hiyo dola si tatizo lenu kubwa. Tatizo ni saa. Kwa kanuni, yuniti 1 ni angalau saa 48 za kazi ya mwanafunzi katika muhula. Sisi walimu tutakaa pale tukijadili kama saa 48 zaidi zitaongeza ufaulu. Hatujui, na hatuwezi kujua bila nyinyi kutuambia, zitatoka wapi. Kwenye usingizi? Kwenye zamu ya Jumamosi? Na inawezekana pia mtuambie ndiyo, tunazihitaji, tupeni hata 3. Mimi kura yangu sijaiamua, na nasema kweli.

Ajenda itabandikwa Ijumaa ijayo, kwenye kioo cha mlango wa jengo la utawala na kwenye tovuti ya chuo. Hoja hii itakuwa ya saba au ya nane, kwa hiyo anayefika saa tisa na nusu hajachelewa. Mabasi mawili yanasimama mbele ya lango la mashariki. Mwenye mtoto aje naye. Asiyejua Kiingereza aniambie leo kabla hatujatawanyika, nitamtafutia mkalimani. Mimi nitakuwa nimesimama mlangoni kuanzia saa nane na nusu, kwa sababu mara ya kwanza mlango ule unatisha, najua. Viti ni 12. Vikijaa, tutaleta vingine kutoka darasa la jirani.